Refa na Donge la Gundi

Tarehe 9 Januari

Mjukuu wangu Profesa,

Mimi babu yako nina miaka sabini na tisa, na nimewazika wengi. Nimemzika bibi yako. Nimemzika mwenyekiti wa chama cha soka aliyenifungia nisichezeshe mechi msimu mzima, na mazishini nilikaa mstari wa mbele. Nimemzika Kibendera, aliyenishikia kibendera pembeni ya uwanja tangu sote tukiwa na nywele. Nimeliona jukwaa kuu la uwanja likijengwa, nimeliona likianguka lenyewe bila mtu kulisukuma. Katika yote hayo sijawahi kubadili uamuzi. Hata mmoja. Naanza na hilo ili ukumbuke unaandikiana na nani, maana naona elimu imekusahaulisha.

Huku hatujambo. Mama yako anakusalimu. Baba yako yupo, hasemi kitu, kama kawaida yake tangu siku ile ya fainali nilipompa kadi nyekundu, yeye akiwa beki wa kushoto na mwanangu wa kumzaa. Watu walidhani nitamwonea haya. Alikwenda kuoga mapema, maji yakiwa bado ya moto, sioni ananung'unikia nini. Fundi Viatu wa pale kona naye ni mzima, na bado anasema lile goli alilofungwa akiwa kipa halikuvuka mstari. Lilivuka.

Sasa nije kwenye jambo. Mama yako ameniambia kazi unayoifanya huko. Nilimwomba anieleze mara ya pili, nikidhani nimesikia vibaya. Yaani wamekusomesha miaka yote ile, tukauza hata pikipiki, ili ukae chini ya ardhi ugonganishe vitu visivyoonekana, halafu utafute kitu kingine kisichoonekana ambacho huenda hakipo. Hongera sana. Mimi nilidhani utakuwa daktari wa watu.

Maana madaktari wa watu nao wamenichokoza. Kuna kijana pale hospitali, ndevu zenyewe kama ameazima, kanimulika tochi akasema nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, inabidi nipasuliwe. Mama yako akaitikia kwa kichwa kama kwaya. Mimi, jicho langu hili, lililoona mtu akivuta jezi ya mwenzake katikati ya watu ishirini na vumbi, nilipeleke likapasuliwe na mtoto.

Nimewajibu mbele ya Fundi Viatu ili pawe na shahidi. Nimesema hivi: siku Profesa atakapokipata hicho anachokitafuta chini ya ardhi, siku hiyo nitalala kwenye kitanda cha daktari, apasue anachotaka. Nimechagua hivyo kwa makusudi, kwa sababu mama yako mwenyewe anasema mmekitafuta miaka na miaka na hamjakiona. Nimeshapuliza filimbi.

Usinipigie simu. Simu ni ya watu wanaotaka kukana baadaye. Andika.

Babu yako,
Refa

*

Tarehe 21 Februari

Shikamoo babu,

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kazini naheshimiwa kiasi cha kupewa meza karibu na dirisha, ingawa dirisha lenyewe halifunguki. Tuko wanne katika chumba hicho na bomba la kupasha joto linalopiga kelele kama mtu anayesukutua. Msalimie mama. Msalimie baba, na asipojibu umwambie nimesikia. Mwambie Fundi Viatu kwamba mimi namwamini.

Barua yako nimeipata. Nakushukuru kwa kuifungia kazi yangu kwenye jicho lako. Ilikuwa imekosa tu mzigo.

Kwa kuwa umeapa bila kujua ulichoapia, ngoja nikueleze. Protoni ni chembe ndogo iliyomo ndani ya kila kitu, hata ndani ya filimbi yako. Ndani ya protoni mna vijipande vidogo zaidi, na vimeshikwa pamoja na nguvu kali kuliko zote tunazozijua, inayofanya kazi kama gundi. Sisi tunazikimbiza protoni kwenye bomba la mviringo chini ya ardhi, kundi moja linaenda huku, jingine linakuja kule, halafu zinakutana. Nyingi zikigongana husambaratika. Ila mara chache sana, mbili hupitana zikisuguana mabega tu. Zote zinabaki nzima, zinaendelea na safari zimepinda kidogo mno, lakini katikati zimeacha kitu. Mimi natafuta hizo.

Kitu kile kinachobaki katikati, huenda mara nyingine ni donge la gundi tupu. Gundi iliyoshikana na gundi, bila kijipande chochote ndani. Hesabu zinasema lazima liwepo. Kulionyesha mpaka wabishi wote wanyamaze, ndiyo kazi. Donge lenyewe halikai, linavunjika kabla hujamaliza kulitaja, kwa hiyo tunakusanya vipande vyake, tunapima, tunachora grafu. Kama lipo, vipande vitajazana mahali pamoja na mstari utavimba kinundu.

Na sasa utacheka. Mahali tunapotarajia kinundu, tumepafunika. Kwenye kila grafu kompyuta inaweka utepe mweusi hapo, na hakuna anayeruhusiwa kuchungulia, hata bosi. Tunatunga sheria zote kwanza, kipi tukubali, kipi tukatae, tunazijaribu pembeni ya utepe. Tukishakubaliana kwamba hakuna sheria itakayoguswa tena, ndipo tunafunua. Kwa sababu mtu akitazama kwanza, ataanza kupindisha sheria kidogo kidogo bila kujijua, mpaka kinundu kiote. Jicho huona linachokitaka. Wewe umezomewa na mashabiki miaka arobaini, hilo unalijua.

Nimekuwekea karatasi yenye grafu moja uone utepe wenyewe.

Kwa hiyo babu, mimi najifumba macho ili nije nione sawasawa. Wewe unajifumba ili iweje? Nenda ukapasuliwe.

Mjukuu wako,
Profesa (umeniita mwenyewe)

*

Tarehe 2 Aprili

Profesa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mwenyewe, nje, juani, kwa macho yangu, bila msaada wa mtu. Ilichukua muda kidogo kwa sababu siku hizi mnaandika kwa wino wa kubania. Enzi zetu wino ulikuwa mweusi.

Picha yako nimeipokea. Umependeza, umenawiri, ila kofia hiyo nyeusi imekuzidi. Nimeitia kwenye fremu, nimeitundika sebuleni mahali ilipokuwa picha ya mwenyekiti wa chama. Fundi Viatu amekuja kuitazama, akaisogelea, akasema umefanana sana na bibi yako. Baba yako alitoka nje akakohoa.

Hayo mambo ya protoni nimeyaelewa yote, huna haja ya kurudia. Wachezaji wawili wanagongana mabega, hakuna aliyeanguka, mpira umepotea, wewe unauliza mpira uko wapi. Mimi nimechezesha mechi za namna hiyo. Jibu ni kwamba huwa umetoka nje, kurusha ni kwa wageni. Ungeniuliza mapema usingehangaika.

Lakini la kufunika hapo unapotaka kutazama, hilo nimelisoma mara mbili nikacheka mpaka mama yako akaja na maji. Miaka arobaini watu wananiita refa kipofu, wananirushia maganda, kumbe kuna ofisi kubwa duniani ambako upofu ni kazi ya mshahara. Nilizaliwa mapema mno.

Na msije mkadhani macho yangu yana tatizo. Juzi wameniomba nichezeshe mechi ya walimu wastaafu na mafundi magari. Nimechezesha vizuri sana. Kulikuwa na mmoja mwenye fulana nyekundu, anapoteza muda upande wa kulia, hasogei, mpira unapita anautazama tu. Nikamfuata nikampa kadi ya njano.

Akaniambia, "Refa, mimi nimekaa kwenye kiti. Ni mtazamaji."

Nikamwambia, "Ndiyo maana timu yako inafungwa."

Ilikuwa sauti ya Fundi Viatu, naitambua, lakini kadi ikishatoka mfukoni imetoka. Ameandikwa. Mechi iliisha mapema kuliko nilivyopanga kwa sababu wachezaji walikuwa wameshaondoka. Nidhamu ya siku hizi.

Daktari mwenye ndevu za kuazima amemtuma nesi aniulize nimeamuaje. Nimemwambia aulize chini ya ardhi.

Babu yako

*

Tarehe 11 Juni

Shikamoo babu,

Barua yako ilikaa njiani, halafu ikakaa mezani kwangu, kwa sababu kila nikianza kujibu ile habari ya kofia nashindwa.

Babu, ile si picha yangu. Ile ni grafu. Kofia ni utepe. Umetundika sebuleni mhimili wa uzito na mhimili wa idadi, na Fundi Viatu amesema umefanana na marehemu bibi. Nawaombea wote wawili.

Mama ameniambia mengine. Kwamba ulimsalimia mtu mlangoni, ukakasirika hakukujibu, na alikuwa koti la baba kwenye msumari. Kwamba unahesabu viti kwa mkono kabla ya kukaa. Na mistari ya barua yako ya mwisho inapandana, mmoja umekalia mwenzake, nimeisoma kama mtu anayefumua sweta. Sikuulizi unaona kiasi gani kwa sababu utanijibu.

Badala yake nina ombi, na nitaliomba bila mzaha, kwa hiyo vumilia.

Mwezi wa tisa tunafunua. Sheria zimebaki chache, na katika zile chache kuna moja ninayoisimamia mimi. Protoni zikikutana, hazikutani jozi moja; jozi nyingi hugongana kwa mpigo, na lazima tuamue ni protoni zipi mbili zilizotoka salama ndizo zilizoacha kitu kile katikati. Ukilegeza sheria kidogo unapata matukio mengi zaidi, na takataka nyingi zaidi. Ukiikaza, unapata machache, masafi. Wiki iliyopita nilikuwa napendekeza tulegeze. Nilikuwa na hoja nzuri sana. Nilipofika katikati ya maelezo nikajisikia nasema, na nikajua siitetei hoja. Nalitetea jicho lako.

Kila mtu hapa anatamani kinundu. Mimi peke yangu nakitamani kwa sababu mzee mmoja kichwa ngumu atabaki gizani kisipotokea. Siwezi kupima kitu huku nakiombea. Futa kauli yako, babu. Si kwa ajili ya daktari. Ifute ili niweze kufanya kazi yangu.

Na kuna jambo hatujawahi kulisema katika nyumba ile. Najua Kibendera alipasuliwa jicho. Najua aliingia anaona nusu, akatoka haoni kabisa, na wewe ndiye uliyemshika mkono kumrudisha nyumbani. Bibi aliniambia. Hiyo ilikuwa zamani, kwa vifaa vya zamani. Siku hizi wanakupasua asubuhi, jioni unalalamika kuhusu chakula.

Mjukuu wako

*

Tarehe 30 Julai

Profesa,

Marahaba. Hatujambo. Mvua imekataa.

Barua hii ni fupi kwa sababu kalamu ni mbovu. Zako siku hizi anasoma mama yako. Si kwamba mimi siwezi, ila mikono yangu ina kazi, na yeye anapenda kusoma, basi namwachia raha.

Nimechubuka kidogo gotini. Ngazi ya mlango wa nyuma imehamishwa, wote wanakana.

Ombi lako nimelisikia. Mwamuzi hafuti. Siku nikifuta moja, kesho yake watakuja wote, kila aliyefungwa, kila aliyetolewa, baba yako akiwa wa kwanza kwenye foleni, Fundi Viatu wa pili na goli lake. Nitazifuta zipi nitaacha zipi? Kauli inabaki.

Habari za Kibendera hazikuhusu.

Grafu najua kwamba ni grafu. Nilikuwa nakutania. Imebaki ukutani.

Babu

*

Tarehe 24 Septemba

Shikamoo babu,

Mama akikusomea hii, akusomee polepole.

Nianze na nilichofanya baada ya barua yako. Nilikwenda kwa bosi, mama mmoja mfupi asiyecheka, nikamwambia: mimi nina ndugu kwenye timu. Akafikiri nimechoka. Nikamweleza yote, jicho, kiapo, Fundi Viatu, fainali. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na huyo babu, alikubali kuchezesha fainali ambayo mwanawe anacheza?"

Nikasema ndiyo, na akamtoa kwa kadi nyekundu.

Akasema, "Basi hakupaswa kuichezesha kabisa."

Umesikia, babu. Miaka thelathini watu wanabishana kama kadi ile ilikuwa halali, na hakuna aliyewahi kusema hilo. Mimi nikajitoa. Sheria yangu akapewa mwenzangu wa meza ya mlangoni, mtu asiyemjua babu yeyote, naye akaikaza. Sikupiga kura. Siku ya kufunua nilikaa mstari wa nyuma na mikono mapajani.

Kilikuwa chumba cha kawaida, viti vya kukunja, skrini moja iliyopinda. Watu walikuja na chai. Mwenzangu akafuta neno moja kwenye programu, akabonyeza, tukasubiri kompyuta ifikirie. Halafu grafu ikatokea bila utepe.

Hakuna donge, babu.

Mstari umepita pale pale ulipotakiwa kupita kama hakuna kitu. Kuna sehemu umepanda kidogo, kuna sehemu umeshuka kidogo, kama bahati inavyofanya. Halafu mtu mmoja akasema, "Haya," watu wakaanza kukunja viti. Tutaandika kwamba kama lipo, la uzito huu, basi ni adimu kuliko kiwango fulani, na wanaokuja watafute mbele ya hapo. Hiyo ni kazi halali. Nilirudi mezani kwangu nikalitazama lile dirisha lisilofunguka.

Nimeangalia pia, baadaye, ingekuwaje kama tungelegeza ile sheria nilivyotaka mimi. Kingeota kinundu kidogo. Kizuri. Cha takataka.

Sasa la mwisho, na mama, samahani, ulisome hivyo hivyo. Mama aliniomba nikuandikie kwamba tumelipata. Alisema ni neno moja tu, na wewe hutajua, na jicho lako litapona. Nilikaa na kalamu siku kadhaa. Babu, naweza kukudanganya wewe, wala si vigumu, hata koti la baba linakudanganya. Ila kitu hiki kimoja siwezi kukidanganya, maana nikikidanganya kwa ajili yako leo, kesho nitakidanganya kwa ajili ya mshahara. Kwa hiyo hatukulipata. Na wewe, kwa sheria zako, utabaki kipofu kwa sababu mimi nimesema kweli.

Hongera. Ni uamuzi mzuri sana. Uuweke kwenye fremu.

Mjukuu wako

*

Tarehe 15 Novemba

Profesa,

Mimi babu yako sasa nina miaka themanini kamili, na juu ya wale wote niliowazika, ongeza na huyo mtoto wa jicho la kulia. Naye nimemzika.

Barua hii naandika mwenyewe, mezani, karibu na dirisha. Angalia mistari. Umewahi kuona mistari imenyooka hivyo? Wino nao umerudi kuwa mweusi, naona kiwanda kimejirekebisha.

Hatujambo. Mama yako ameota mvi nyingi tangu mwaka juzi, hakuna aliyeniambia. Baba yako upara. Fundi Viatu amezeeka vibaya sana, nilimwonea huruma mpaka nilipojitazama kwenye kioo.

Nikueleze mambo yalivyokwenda, maana utaambiwa vingine. Barua yako ya mwezi wa tisa ilipofika, mama yako akaja nayo, akavuta kiti, akakohoa. Akasoma hivi: "Babu mpendwa, nina furaha kubwa kukujulisha kwamba tumelipata lile donge, na kila mtu hapa anashangilia. Tafadhali sasa nenda hospitali. Nakupenda sana." Akakunja. Karatasi zenyewe nilisikia zinavyokwaruzana mkononi mwake, zilikuwa nyingi, na maneno yalikuwa kama ya kadi ya harusi.

Nikajua hapo hapo. Wewe tangu uanze kuandika hujawahi kuniita mpendwa. Na barua nzima hakuna hata tusi moja. Mtu aliyeniambia nadanganywa na koti, leo ananipenda sana? Mimi nimechezesha mpira, nawajua wanaojiangusha.

Lakini sikumuumbua. Nikamwambia mama yako, "Basi leta koti langu." Akalia. Nikamwambia asilie, analowesha ushahidi.

Yule kijana mwenye ndevu ana mkono mwepesi, nitamtendea haki. Walinilaza, wakanifunika uso, wakaacha jicho. Baba yako alikaa pembeni, wakamruhusu kunishika mkono. Akasema, "Tulia, baba." Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizonipa tangu fainali. Nilimkumbuka Kibendera. Hilo ndilo utakalolipata kwangu, usichimbe.

Walipofungua bandeji, kitu cha kwanza nilichotaka ni barua. Mama yako akasema ameiweka mahali asipopakumbuka. Nikamwambia mimi nitapaona. Ilikuwa chini ya kitambaa cha meza, imevimbisha kitambaa kama kinundu chako, mtoto mchanga angeiona. Nikakaa nayo dirishani nikasoma neno kwa neno, kidole chini ya mstari. Mama yako akasimama mlangoni na ufagio.

"Unasoma nini, baba?"

"Nasoma ulichonisomea."

"Naona kuna sehemu niliruka."

"Uliruka barua."

Alifagia mahali palipokuwa pasafi.

Sasa sikiliza, na uwaeleze hao wenzako wa viti vya kukunja. Kwanza, sijabadili uamuzi. Niliambiwa donge limepatikana, nikatimiza. Kumbe halikupatikana, hilo ni kosa la msomaji. Refa akidanganywa, aibu ni ya aliyemdanganya, na kumbukumbu zangu ni safi kama zilivyokuwa. Kama ningejua tangu mwanzo kwamba ni uongo, hapo lingekuwa jambo jingine, na ndiyo maana sikujua. Yale niliyoandika hapo juu uyasome kama utani.

Pili, huyo bosi wako asiyecheka. Mwambie fainali ile nilipangiwa na mwenyekiti wa chama, ili aniumbue, na mwenyekiti amekufa, hana wa kumtetea. Nimelifikiria neno lake siku tatu. Nimelifikiria nikiwa na jicho moja limefungwa, maana mtu huwa hana kazi nyingine. Sina la kuongeza. Nilimsomea baba yako ile sehemu. Alicheka. Alicheka mpaka akaketi. Sijui kinachochekesha.

Tatu, hilo la donge. Nimechezesha mechi za bila bila nyingi kuliko umri wako. Watu wamelipa kiingilio, wamekaa juani, hakuna goli, wananung'unika mpaka nyumbani. Lakini nilikuwa katikati, niliona kila mguu, na nilipopuliza ya mwisho hakuna aliyeweza kusema mechi haikuchezwa. Ulisema halipo wakati ungeweza kusema lipo, na aliyekuwa anakuangalia hakuwa na macho. Mimi kwa watu wote niliosimama nao uwanjani, wa kufanya hivyo namjua Kibendera peke yake. Nisingetaka urudie kuniuliza nina maana gani.

Grafu yako iko ukutani bado. Nimeitazama vizuri kwa jicho jipya. Kweli si wewe. Mhimili mmoja umelala, mwingine umesimama, na katikati utepe. Fundi Viatu anashikilia kwamba ni bibi yako. Nitumie ile nyingine, isiyo na utepe, isiyo na kinundu, niiweke kando yake. Wageni wakiuliza nitawaeleza.

Mwisho. Limebaki jicho la kushoto. Kijana mwenye ndevu analitaka mwezi wa pili. Nimemwambia hivi, mbele ya shahidi: jicho la kushoto halilali kitandani mpaka Profesa awe amekaa pale kwenye kiti, mwenyewe, bila barua. Halihusiani na protoni wala gundi. Hakuna cha kupima, hakuna cha kufunua, unakuja au huji. Nimeshapuliza, na unajua huwa sifuti.

Kuhusu hospitali, niliingia pale kifua mbele, na hayo wanayosema kwamba niligeuka mara mbili mlangoni ni maneno ya watu. Muulize nesi. Muulize Fundi Viatu, alikuwa kwenye benchi nje akishikilia kofia yangu. Mama yako usimuulize, ushahidi wake tumeshauona. Ila zaidi ya wote muulize baba yako, kwa sababu nilimpa kadi nyekundu mbele ya uwanja mzima na hana sababu ya kunipendelea. Yeye ndiye aliyenishika mkono. Atakwambia kwamba mkono uliokuwa unatetemeka ulikuwa wake.

Akikwambia vingine, mkumbushe kadi bado ninayo.

Babu yako,
Refa